Mashine Isiyojua Kukanusha

Mama mkubwa wangu alifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka mingi kiasi kwamba hadi leo, akiwa amekwisha kustaafu, ukimpigia simu ukasema "nilikuwaga nakutafuta," anakata kwanza, halafu anakupigia yeye ili uanze upya. Anaishi kijiji kimoja cha upande wa Butiama, na kwa kuwa hawezi kukaa bila kusimamia kitu, wanakijiji walimpa uenyekiti wa kamati ya maji. Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Nilizaliwa na kukulia Mwisenge, Musoma mjini, na nina chumba cha kazi pale Iringo, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, ambako naandika programu za vifaa vidogo: mizani, mita, vidude vya kupima ubaridi wa samaki kwenye barafu. Ndugu zangu wengi wanaamini natengeneza simu.

Siku aliyonipa kazi, mama mkubwa alinipandisha kwanza hadi kwenye tenki la kijiji. Tenki liko juu ya mwamba, na bomba la kuchotea liko hukohuko chini yake. Pampu ya sola inavuta maji kutoka kisimani. Jua likiwaka vizuri tenki linajaa, mawingu yakikaa siku mbili linakauka. Chini kabisa, njia panda, kuna mashine ya kusaga. Kutoka pale hadi bombani ni mwendo wa kumtoa mtu pumzi hata kama hana ndoo, na mara nyingi akina mama walikuwa wanapanda, wanakuta bomba linapuliza upepo, wanashuka na ndoo tupu na maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Sitaki mambo mengi," mama mkubwa aliniambia wakati mimi natafuta jiwe la kukalia. "Nataka ubao wa taa pale njia panda. Mtu afike, asome: kuna maji, au hakuna maji. Basi. Hayo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuandika. Wewe una shahada."

Nikamwambia ni kazi ya wiki moja. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Juu kwenye tenki ningeweka kidude cha kupima kina cha maji. Kingeteremsha maneno kwa waya mrefu hadi kwenye kisanduku cha njia panda, na kisanduku kingeyaandika ubaoni kwa taa nyekundu. Maneno yalikuwa matatu tu. KUNA MAJI. HAKUNA MAJI. Na la tatu, la siku ambazo mtunza pampu anaosha tenki, ambaye angezungusha swichi ili ubao useme HATUTAFUNGUA LEO. Mama mkubwa aliyaandika mwenyewe kwenye karatasi, kwa mwandiko wa ubaoni, na nukta mwishoni. Nikamwomba ruhusa ya kuondoa nukta. Alifikiri sana, akaruhusu.

Umeme wa kisanduku nilimwachia fundi wa sola wa Bunda, ambaye tumefanya kazi pamoja mara nyingi. Ni mtu mzima, mnene, mpole kwa binadamu wote, lakini ukionea betri mbele yake anakasirika kama umempiga mtoto. Alileta paneli yenye ukubwa wa sinia ya kuchambulia mchele na betri ambayo ungeiweka mfukoni. Nikamuuliza kama itatosha. Akasema inategemea adabu ya mlaji.

Tulikiweka kisanduku kwanza uani kwake Bunda kwa majaribio. Siku ya tatu, yenye mawingu, akanipigia.

"Mwalimu," ananiitaga hivyo akitaka kunisema, "hiki kisanduku chako kinakulaga sana. Kinafanyaga kazi gani mchana kutwa?"

"Kinasubiri ujumbe kutoka kwenye tenki."

"Kinasubiri kikiwa macho?"

"Ndiyo."

"Saa zote?"

"Saa zote."

Nikasikia kuku wake. "Hata mlinzi wa benki hasubirigi hivyo," akasema. "Kifundishe kulala."

Alikuwa sahihi. Ndani ya kisanduku kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna programu mama inayotawala kila kitu, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita kerneli. Chini ya kerneli kuna programu ndogondogo, kila moja ikisimamia kifaa kimoja. Hizo tunaziita draiva. Mojawapo inasimamia poti, yaani lile tundu ambalo waya wa tenki unaingilia, na maneno hupita humo herufi moja moja kama watu kwenye mlango mwembamba. Poti ikiwa macho inakula umeme hata kama hakuna anayepita. Lakini kerneli ina utaratibu wa kuilaza: draiva inahesabu wanaoitumia, hesabu ikifika sifuri na kimya kikapita sekunde tano, poti inazimwa. Herufi ikija, inaamshwa. Draiva ya poti yetu ilikuwa haijafundishwa huo utaratibu. Nikaiongezea mimi, mistari michache tu, nikiwa nakunywa chai. Betri ikakaa wiki nzima ya mawingu bila kutikisika. Fundi akanitumia picha ya mita yake kwenye simu, bila neno lolote, kama mtu anayetuma picha ya mjukuu.

Tulifunga ubao siku ya Jumamosi. Katekista aliuombea kwa kirefu, akaombea na waya. Mimi nilikuwa nimechomeka kompyuta yangu kwenye kisanduku ili nione kila kitu kinavyokwenda, nikampigia mtunza pampu kule juu, akajaribu yote matatu: KUNA MAJI, HAKUNA MAJI, HATUTAFUNGUA LEO. Taa zikawaka vizuri, herufi kwa herufi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama mkubwa akasoma kila neno kwa sauti, akatafuta kosa, akakosa, akanishika bega. Katika ukoo wetu hiyo ni sherehe. Nilikula ugali wa udaga, ule wa muhogo, na maziwa ya mgando mpaka nikashindwa kufunga mkanda, nikarudi Musoma nikiwa mtu mwenye thamani.

Jumatatu simu ikalia.

"Mwanangu," akasema mama mkubwa, kwa ile sauti ya kumwita mtoto mbele ya darasa. "Mashine yako inadanganya."

"Inadanganya vipi, mama?"

"Jana jioni tenki limekauka. Imeandika 'kuna maji'. Wamepanda watu ishirini na zaidi. Nimepanda na mimi."

Nikamwambia lazima ni kile kidude cha kupima kina, labda kimeinama. Nikapanda basi, nikateremkia Butiama, nikachukua bodaboda hadi kijijini, nikapanda mwamba. Kidude kilikuwa kimenyooka kama askari. Kwa kuwa tenki lilikuwa limeshajaa tena, nikashuka mbio njia panda, nikachomeka kompyuta yangu ili nione kinachoendelea, nikampigia mtunza pampu akitoe kidude majini, akirudishe, akitoe, akirudishe. Ubao ukasema HAKUNA MAJI, KUNA MAJI, HAKUNA MAJI, KUNA MAJI, bila kukosea hata mara moja. Watu wa mashine ya kusaga wakatoka na unga usoni kuja kutazama.

"Haina shida," nikasema.

"Ukiwepo," akasema mama mmoja mwenye ndoo ya bluu.

Nikachomoa kompyuta yangu, nikaaga. Nilikuwa bado sijafika barabara kubwa simu ikalia tena. Mtunza pampu alikuwa amekaa nusu saa, akaamua kukitoa kidude kwenye maji mara moja tu kwa udadisi. Ubao ukasema KUNA MAJI.

Nikarudi. Nikachomeka. Ikasema kweli. Nikachomoa, nikakaa pale kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga nikinywa soda, nikamwambia ajaribu tena. Ikadanganya. Ilikuwa kama mgonjwa anayekohoa nyumbani wiki nzima, akifika mbele ya daktari anaimba kwaya.

Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba wenyeji hawakuwa na wasiwasi kama mimi. Kabla ya wiki kuisha walikuwa wameshaielewa. Niliporudi Alhamisi, mama wa ndoo ya bluu alinieleza kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda zahanati.

"Ikiandikaga 'kuna maji', unarudi nyumbani. Hakuna. Ikiandikaga 'na maji', hapo unapanda."

"'Na maji'?"

"Ee. 'Na maji'. Tenki likijaa linaandikaga hivyo. Kwani si wewe uliyeiandika?"

"Mimi niliandika 'kuna maji'."

"Sasa 'kuna' si ndiyo hakuna?" akasema, akanitazama vizuri kuona kama niko sawa.

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake akisikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino. Alikuwa amefundisha vizazi viwili vya kijiji kile tofauti ya kukubali na kukataa, na sasa mashine ya mtoto wa mdogo wake ilikuwa imeipindua kwa siku nne.

"Na Jumatano je?" akaniuliza. "Mtunza pampu alikuwa anaosha tenki. Ubao umeandika 'tutafungua leo'. Watu wamekaa juu pale toka asubuhi mpaka saa nane, wanamwangalia akisugua."

Akaniamuru nikae. Akaokota kipande cha mkaa, akaandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, bila kumwomba mwenyewe ruhusa: HAKUNA, na chini yake KUNA. Pembeni HATUTAFUNGUA, na chini yake TUTAFUNGUA.

"Unaona nini?"

"Zimepungua."

"Zimepungua nini? Usiniambie 'zimepungua' kama unaongelea nyanya."

"Ha."

"HA ni nini?"

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina leseni ya biashara. "Kikanushi, mama," nikasema.

"Kikanushi. Mashine yako haijui kukanusha." Akautupa mkaa. "Kila kitu inakubali tu. Kama wewe ulivyokuwa mdogo."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kujikosha, lakini wakati nacheka nikawa natazama ule ukuta. Kikanushi hakikuwa tatizo. KUNA nayo ilikuwa imekatwa ikabaki NA. Kila neno lilikuwa limepoteza herufi mbili za mwanzo, mbili kamili, si zaidi. Nilijua zimekwenda wapi na nilijua nani amezipoteza.

Ilikuwa hivi. Kwenye waya ule kila herufi inachukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Poti iliyolala inahitaji kama sehemu mbili ili iamke. Basi herufi ya kwanza ikija inaiamsha na kupotea, ya pili inapita wakati poti bado inatafuta fahamu, na ya tatu ndiyo ya kwanza kusikika. Nilipochomeka kompyuta yangu, programu yangu ya ukaguzi ilikuwa inaiuliza poti kila sekunde kama ipo, kwa hiyo haikupata nafasi ya kusinzia, na maneno yakaingia mazima. Nikiondoka inalala. Na Kiswahili, kwa bahati yangu mbaya, kinaweka kukataa kwake kote mwanzoni kabisa, katika herufi mbili za kwanza, palepale ambapo poti yangu ilikuwa bado ina tongotongo.

Nikamweleza mama mkubwa kwa maneno rahisi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani anaisimamia hiyo poti?"

"Kuna programu inaitwa draiva."

"Dereva."

"Draiva, mama. Ni..."

"Dereva amelala kazini," akawatangazia watu wa mashine ya kusaga, na hadi leo ndivyo kijiji kizima kinavyoeleza yaliyotokea.

Njia fupi ilikuwa kuizuia poti isilale. Nikampigia fundi wa Bunda kumpa habari. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Mwalimu. Usiniulie betri yangu." Nikaahidi sitaiua.

Nikajifungia Iringo. Wazo langu lilikuwa kwamba kila ujumbe unapokaribia, draiva ihesabu mtumiaji mmoja, iiweke poti macho, ujumbe ukiisha imwondoe yule mtumiaji kwenye hesabu, poti ilale. Kidude cha juu ya tenki nacho kingevuta waya wa pili kidogo kabla ya kusema, kama mtu anayegonga kwanza. Waya wa pili ulikuwepo ndani ya kebo ileile, haukuwa na kazi. Nikaandika yote kwa siku mbili, nikaenda kuweka, nikachomoa kompyuta, nikakaa kibarazani, nikasubiri. HAKUNA MAJI, ubao ukasema wenyewe, bila msaada wangu. Nilirudi Musoma naimba.

Siku ya nne ubao ukazimika kabisa. Mama wa ndoo ya bluu alimwambia mama mkubwa kwamba sasa hata mashine yenyewe imekata tamaa.

Fundi wa Bunda alifika kijijini kabla yangu, kwa pikipiki yake, na nilipofika nilimkuta amechuchumaa mbele ya kisanduku ameishika betri kwa mikono miwili. Hakunisalimia. Alielekeza kidole kwenye mita.

"Sifuri," akasema. "Wiki ya jua. Sifuri."

Nikakipa kisanduku umeme wa kompyuta yangu, nikatazama hesabu ya mwisho ya watumiaji wa poti iliyohifadhiwa kabla hakijazimika. Ilipaswa kuwa sifuri au moja. Ilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Nilikuwa nimeandika vizuri sana mahali pa kumwingiza mtumiaji, na mahali pa kumtoa nilikuwa nimepasahau. Kila ujumbe ulioingia ulihesabiwa na haukutoka tena, hivyo kwa mujibu wa draiva kulikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili ndani, wote wanaongea, na katika hali hiyo nani angelala?

"Mia tatu?" fundi akauliza, nilipomwonyesha. "Wamekaa wapi humu?" Akagonga kisanduku kwa ukucha. Halafu akaanza kucheka kidogokidogo, tumbo likitikisika, na nikajua nimesamehewa, ingawa betri ilibidi aende nayo Bunda kuifufua.

Safari hii sikujiamini peke yangu. Nikaandika barua kwa wale watu wa nchi mbalimbali wanaotunza kerneli, ambao hujibizana mtandaoni kwa barua za wazi. Nikaweka mistari yangu na kueleza kwa Kiingereza cha adabu kwamba poti ikiamka inapoteza herufi mbili. Jamaa mmoja, mwenye heshima kubwa na maneno machache, akanijibu kwamba hilo linafahamika, ni gharama ya kulala, na kwamba kupoteza herufi mbili mara mojamoja si jambo la kumsumbua mtu.

Nikamwandikia tena. Nikamweleza kuhusu HA. Nikamweleza kuhusu mwamba, na watu waliokaa kuanzia asubuhi hadi saa nane wakimtazama mwenzao akisugua tenki. Kwa siku mbili hakujibu. Nikadhani nimemkera. Siku ya tatu ikaja barua ndefu kuliko zote: alikuwa amezipitia kazi zangu mstari kwa mstari, ameonyesha mahali pa kumtoa mtumiaji hata ujumbe ukikatika katikati, jambo ambalo nami sikulifikiria, na ameonyesha kwamba sekunde tano zangu zianze kuhesabiwa tangu herufi ya mwisho, si ya kwanza. Mwishoni akaongeza kwamba katika lugha yake neno la kukataa huja baadaye sana kwenye sentensi, na pengine ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Nilimsomea mama mkubwa barua hiyo kwa simu, nikiitafsiri. Akasema huyo mtu amefundishwa vizuri, na akauliza kama ameoa.

Nikaweka marekebisho. Nikakaa kijijini siku tatu nzima, nalala nyumbani kwa mama mkubwa, kila asubuhi nateremka njia panda kutazama. Hesabu ikawa moja, sifuri, moja, sifuri. Betri ikajaa. Ubao ukasema kweli kila mara, herufi zote zikiwemo. Nikaaga kwa mara ya nne, na safari hii hata fundi alinipa mkono.

Kesho yake asubuhi mama mkubwa akapiga.

"Maji yanamwagika," akasema.

"Wapi?"

"Juu. Tenki limefurika toka jana mchana. Mwamba wote umelowa, mbuzi wanakunywa."

"Ubao unasema nini?"

"Unasema 'kuna maji'."

"Sasa si ni kweli, mama?"

"Ndiyo," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia amechoka. "Ndiyo maana hakuna aliyepanda."

Nikashika kichwa. Kwa wiki kadhaa kijiji kilikuwa kimejifunza kwamba 'kuna' maana yake hakuna. Walikuwa wanapita njia panda, wanasoma KUNA MAJI, wanasikitika, wanarudi nyumbani na ndoo zao. Siku ya mawingu wakasoma HAKUNA MAJI, neno ambalo walikuwa wameliona pale wakati wa majaribio yangu tu, na kila mtu akalitafsiri kivyake. Wengine walisema ni 'hakuna' ya kweli. Wengine walisema kama 'kuna' ni hakuna, basi 'hakuna' lazima iwe kuna, na hao walipanda.

Mkutano uliitishwa njia panda siku ya Jumamosi. Nilienda, na fundi akaja kutoka Bunda ingawa hakuna aliyemwita. Alisema hawezi kukosa. Nikasimama mbele ya watu. Nikaeleza kwamba dereva sasa ameamka, kwamba ubao unasema kweli tupu, na kwamba kuanzia leo kila mtu asome neno kama lilivyo.

"Tutajuaje?" akauliza mama wa ndoo ya bluu. "Wiki ijayo si anaweza kulala tena?"

"Hawezi."

"Ulisemaga hivyohivyo mara ya kwanza."

"Ulisema," akasahihisha mama mkubwa kutoka pembeni. Halafu akasimama. Alikuwa na karatasi yake ileile ya mwandiko wa ubaoni, na ameigeuza upande wa pili.

"Nimefikiri," akasema. "Hili neno 'kuna' limeshaharibika. Tuliache. Mwanangu, ubao uandike MAJI YAPO. Yakikosekana uandike MAJI HAKUNA. Na siku ya kuosha uandike LEO HATUTAFUNGUA." Akanigeukia. "Hivyo hata dereva akisinzia akala herufi mbili, itabaki JI YAPO na JI HAKUNA, na kila mtu ataelewa. Au nimekosea?"

Nikafikiria. Nikaikagua ile karatasi neno kwa neno nikitafuta mahali alipokosea. Nilikuwa nimemaliza wiki tano ndani ya kerneli. Nilikuwa nimeandikiana na mtu wa bara lingine. Nilikuwa nimeua betri moja.

"Hujakosea, mama," nikasema.

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo tangu mwanzo?"

Ningeweza kumkumbusha kwamba maneno ya mwanzo aliyaandika yeye, na nukta juu. Nilimtazama fundi ili anisaidie. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya tangi la mafuta la pikipiki yake, mabega yanatikisika, anafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia paneli.

Kubadilisha maneno kulinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Saa hiyohiyo jua lilikuwa kali, tenki lilikuwa limejaa, na ubao ukawaka: MAJI YAPO. Watu wakausoma. Hakuna aliyesogea. Walinitazama mimi.

"Panda wewe kwanza," akasema mama wa ndoo ya bluu, akanipa ndoo yake.

Nikaipokea. Mwanamume mzima, shati la mikono mirefu, viatu vya mjini, nikaanza kupanda mwamba na ndoo ya bluu, na nyuma yangu kama watu thelathini wamesimama njia panda wanasubiri taarifa. Nilipofika bombani nikafungua, maji yakatoka kwa nguvu hadi yakanirukia kifuani. Nikapunga mkono. Chini wakapiga kelele, nikawaona wanaokota ndoo zao na kuanza kupanda kwa mstari, wakiwa wanaongea, na mama mkubwa katikati yao bila ndoo, anasimamia.

Nilijaza ndoo hadi juu, nikaiweka kichwani kama nilivyowaona wakifanya maisha yangu yote, nikapiga hatua tatu. Wakati nafika njia panda ilikuwa imebaki robo, na suruali yangu ilikuwa imelowa hadi magotini. Mama wa ndoo ya bluu, ambaye alikuwa amebaki kunisubiri, alichungulia ndani, akanitazama, akachungulia tena.

"Rudi," akasema. "Hii haitoshi hata kupikia ugali."

Nikarudi.